Aliyemuunganisha Daktari

Watu wa rika la shangazi yangu wana mchezo wao. Wakikutana wawili watatu, msibani au kwenye foleni ya zahanati, haupiti muda mrefu kabla mmoja hajauliza: "Wewe ulikuwa wapi siku wanajeshi walipochukua nchi?" Hapo kila mtu anajiweka sawa kwenye kiti. Huyu alikuwa mbele ya jengo la redio, vifaru aliviona kwa macho yake. Yule naye alikuwa hapohapo. Nimewasikia wengi mno. Kama kweli wote walikuwa kwenye ule mtaa mmoja, basi vifaru vilipita juu ya vichwa vyao, maana chini pasingebaki pa kukanyaga.

Shangazi hakuwa mtu wa mchezo huo. Akiulizwa, alijibu, "Nilikuwa kazini," halafu akauliza habari za watoto wa mwulizaji. Watu walimwona hana la kusimulia. Mimi nilijua analo, maana nimelelewa kwake tangu baba yangu, kaka yake, alipofariki. Alinisimulia mara moja tu, nilipoanza kazi, kama mtu anayemwonya mwenziwe kuhusu ngazi yenye kidato kilichooza.

Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na miwili, opereta wa simu kwenye ghorofa ya pili ya posta kuu. Mbao tisa za simu zilipangwa mstari mmoja, wanawake tisa wamekaa mbele yake kwenye viti virefu, visikilizio masikioni. Mtu akiinua simu yake mjini, taa ndogo inawaka ubaoni. Opereta anachomeka waya, anauliza, "Haloo, nikusaidie nambari gani?" kisha anachomeka waya wa pili pale anapotaka mtu huyo. Wote walifanya kazi ileile, lakini sauti ya shangazi ilikuwa habari nyingine. Wateja walimwomba yeye. Karani mmoja wa reli alikuwa akipiga kila asubuhi kuuliza saa, na saa alikuwa nayo mkononi. Ndiye aliyekuja kuwa mume wake. Sisi watoto wa ukoo tulimwita Shangazi Haloo, kwa sababu hata mlango ukibishwa aliitika "Haloo?" kutoka jikoni.

Ubao wa jirani yake alikaa Mama Pacha. Alimzidi shangazi miaka minne, na mume wake alikuwa ameondoka bila kuaga alipoambiwa mimba ni ya watoto wawili. Pacha hao, wa kike na wa kiume, walikuwa na miezi minane siku ninayoisimulia. Kazi ikiisha, wale wanawake wawili walipitia kwa mlezi, wakabeba kila mmoja pacha mmoja mgongoni, wakaenda nyumbani wakipiga soga. Shangazi hakuwa na mtoto bado, na hakuja kumpata. Pacha walimwita Mama Mdogo mpaka wakawa watu wazima.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tangu alfajiri redio ilipiga muziki wa bendi bila mtangazaji. Opereta walikwenda kazini kwa sababu hakuna aliyewaambia wasiende. Shangazi alikuwa na mafua makali, tangu Jumapili anakohoa, lakini hakutaka kumwachia Mama Pacha mbao mbili peke yake.

Saa nne asubuhi wakaingia askari watano. Afisa wao alikuwa kijana, viatu vinang'aa, anaongea kwa adabu kama mtu aliyekuja kukagua maji. "Dada zangu, chomoeni waya zote," alisema. "Zibaki tatu nitakazowaonyesha." Wakachomoa. Zikabaki ya kambi, ya jengo la redio, na ya ofisi kubwa. Afisa akaondoka na wenzake, akamwacha askari mmoja mlangoni, bunduki magotini. Askari huyo alikuwa hajalala, kichwa kinamdondoka kila baada ya dakika mbili.

"Kilichonitisha si bunduki," shangazi aliniambia. "Ni zile taa. Ziliwaka ubao mzima. Kila taa mtu ameinua simu, anaita, na sisi tisa tumekaa tunaziangalia, mikono mapajani."

Taa moja kwenye ubao wa Mama Pacha ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Ilikuwa ya wodi ya wazazi. Mama Pacha aliitazama, kisha akaikalia mikono yake yote miwili. Shangazi akainama upande wake, akachomeka waya wa kwanza, akasikiliza. Sauti ya mwanamume ilisema, "Opereta, tafadhali. Mimi daktari. Nina mama hapa ametoka kujifungua, damu haikatiki na mimi damu ya kumwongezea sina. Niunganishe na hospitali ya ng'ambo ya mto."

Shangazi akachukua waya wa pili, akachomeka.

Waliongea dakika nne. Shangazi aliuchomoa waya, na kwa mazoea ya kazi, mkono wenyewe ukaandika kikaratasi kama kwa simu yoyote ya mbali: saa, kutoka wapi, kwenda wapi, dakika ngapi. Akakitupia kwenye kisanduku cha Mama Pacha, kwa kuwa ubao ulikuwa wake. Hakukitia sahihi. Askari mlangoni alikuwa anakoroma kidogo.

Kama damu ilivuka mto au haikuvuka, hakujua. Mchana ule daraja lilifungwa.

Wiki ya tatu akaitwa kwenye chumba cha chini cha posta. Yule afisa wa viatu vinavyong'aa alikuwa na karatasi mezani, akamsomea. Ilieleza kila kitu, simu, muda, hospitali zote mbili. Ikaongeza kwamba opereta alikohoa mara tatu kwa makusudi ili mlinzi asisikie mlio wa plagi.

"Nilitaka kucheka," shangazi alisema. "Kukohoa kwenyewe nilikohoa mara mia siku ile. Wote walijua ni mafua. Nikasema moyoni, huyu askari, kumbe alikuwa anasinzia kwa jicho moja, halafu ametia chumvi ili aonekane alikuwa macho."

Hakukana. Walimweka ndani siku kumi na moja. Alipotoka alikuta barua: ameachishwa kazi, na asiajiriwe ofisi yoyote ya serikali. Mtu wa kwanza kuja kumwona alikuwa Mama Pacha. Alifika na sabuni, gauni safi na pacha wote wawili, akamkumbatia, akalia mpaka shangazi ndiye akawa wa kumbembeleza.

"Yule askari," Mama Pacha alisema, "Mungu anamwona."

Shangazi alimaliza miaka ishirini na saba kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akilisha mashuka kwenye mashine kubwa ya pasi. Mvuke ulijaa kama jikoni kwenye sherehe, na mashine zilinguruma hivi kwamba wafanyakazi waliongea kwa ishara. Sauti ile haikuhitajiwa na mtu. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaongea polepole nyumbani kwa sababu ni mpole. Ni kwamba alikuwa amekaa kimya mchana kutwa.

Mama Pacha alibaki posta. Alipanda akawa msimamizi, akastaafu kwa heshima na picha ukutani. Urafiki haukupungua. Pacha walipoanza shule, shangazi ndiye aliyewashona sare. Binti alipojifungua mtoto wa kwanza, shangazi alikwenda kukaa naye mwezi mzima. Na kila alipokumbuka kazi yake ya zamani, alimlaani yule askari wa mlangoni, na Mama Pacha akaitikia.

Basi, mwaka juzi redio ilianza kipindi cha Jumamosi asubuhi, kinaitwa hivyohivyo, *Ulikuwa Wapi?* Utawala wa wanajeshi umekwisha siku nyingi, na waliowapinga sasa wanaitwa mashujaa. Wazee wanaalikwa studio wanasimulia. Jumamosi moja tulikuwa jikoni, mimi na shangazi, sinia la mchele katikati yetu, tunachambua. Mtangazaji akasema mgeni wa leo ni opereta mstaafu wa posta kuu, akamtaja.

"Sikia!" shangazi akaruka, mchele ukamwagika. "Mama Pacha huyo! Mwanamke huyu msiri, hakuniambia kitu! Hebu ongeza sauti."

Niliongeza. Akasogeza kigoda karibu na redio, anatabasamu, kiganja shavuni.

Mama Pacha alianza vizuri. Akaeleza muziki wa bendi, afisa kijana, taa zilizojaa ubaoni. Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa, "Ndiyo, ndiyo, hapo amesema kweli." Kisha Mama Pacha akasema, "Ikawaka taa ya wodi ya wazazi kwenye ubao wangu. Wenzangu wote waliogopa. Mimi nikajiambia, liwalo na liwe."

Shangazi aliacha kutikisa kichwa.

"Nikachukua waya," sauti ikaendelea. "Askari alikuwa mlangoni na bunduki. Sasa nifanyeje asisikie mlio? Nikakohoa. Mara tatu, hivi. Ndipo nikachomeka."

Nilimwangalia shangazi nikidhani kinachomuuma ni kile kilichoniuma mimi, kuibiwa kwa kisa. Nikaanza kufoka. Yeye akanishika mkono.

"Kikohozi," alisema. "Habari ya kukohoa mara tatu aliipata wapi?"

"Si alikuwa amekaa pembeni yako?"

"Alijua nina mafua. Nilikunywa dawa aliyoniletea yeye. Hiyo ya mara tatu kwa makusudi iko mahali pamoja tu, kwenye ile karatasi niliyosomewa. Na sijamwambia mtu. Hata mume wangu. Nimekuambia wewe." Akaitazama redio. "Aliyeandika ile karatasi ni yeye."

Na kipindi hakikuwa kimekwisha. Mtangazaji, furaha imemjaa, akasema wana zawadi kwa mgeni wao. Mlango wa studio ukasikika, sauti ya mwanamume ikasema, "Mama, mimi ndiye niliyezaliwa siku ile. Daktari alimsimulia mama yangu kwamba kuna opereta aliyemuunganisha, jina hakulijua. Damu ilivushwa kwa mtumbwi. Mama yangu alipona." Kisha kilio, cha wote wawili, na mtangazaji naye anavuta kamasi.

Kwa miaka arobaini na moja shangazi hakujua kama yule mama alipona. Habari hiyo aliipata siku hiyo, jikoni, kwenye redio, ikiambiwa mtu mwingine.

Aliizima. Akainama, akaanza kuokota mchele punje moja moja.

Kesho yake alasiri tulikwenda kwa Mama Pacha. Nilimsihi aniache niende mimi, akakataa. Tulimkuta sebuleni, peke yake, chini ya picha yake ya kustaafu. Alipotuona aliinuka, akafungua mikono.

"Mwenzangu! Ulisikia?"

"Nilisikia," shangazi akasema, bila kukaa. "Nimekuja kukuuliza jambo moja. Ile karatasi uliiandika mwenyewe, au waliandika wao ukatia sahihi?"

Mama Pacha alibaki na mikono hewani. Angeweza kuuliza karatasi gani. Nadhani alitaka, mdomo ulifunguka. Lakini alikaa chini taratibu, akauvuta mto wa kochi, akaukumbatia.

"Kikaratasi chako kilikuwa kwenye kisanduku changu," alisema. "Cha simu. Walijua imepigwa kutoka kwenye ubao wangu. Waliniambia nimtaje aliyepiga au niende mimi. Nilikuwa na watoto wawili wananyonya, mwenzangu. Ningewaacha na nani?"

"Na mimi," shangazi akasema.

"Wakaniuliza mbona sikutoa taarifa siku ileile," Mama Pacha akaendelea, sauti imeshuka. "Nikasema sikuona vizuri, ila nilimsikia akikohoa, nikahisi anaficha kitu. Nililitunga palepale. Sikufikiri watalisoma mbele yako."

"Kunitaja ningekuelewa. Ungekuja siku ile ukaniambia, mwenzangu, nimekutaja, nimebanwa, ningekwenda mwenyewe kabla hawajaniita. Unanijua. Lakini ulikuja kwangu na sabuni." Sauti ya shangazi haikupanda hata kidogo. "Ukaniletea sabuni ukasema yule askari Mungu anamwona. Miaka arobaini na moja ninamlaani mtoto wa watu aliyekuwa amelala usingizi wake, na wewe unaniitikia."

"Niliogopa ukijua utaondoka. Nilikuwa sina mtu."

"Na jana? Jana uliogopa nini?"

Hapo Mama Pacha alilia. Alisema watu wa redio walikuja kwa sababu alikuwa msimamizi, jina lake lilikuwa kwenye kumbukumbu za posta. Walimuuliza kama anajua ni nani aliyeunganisha ile simu. Wajukuu walikuwa wamekaa hapo, wanamtazama. Neno likamtoka. Alipokwisha kulitoa akashindwa kulirudisha.

"Utalirudisha," shangazi alisema. "Sitaki nitangazwe. Mpigie yule kijana tu, yeye peke yake, umwambie. Basi."

"Nitampigia. Naapa kwa watoto wangu."

"Watoto waache," shangazi akasema, akageuka, na mimi nikamfuata.

Njiani mimi ndiye niliyeongea, nikamtukana Mama Pacha kwa kila neno nililojua, mpaka shangazi akaniambia nipunguze, watu wanasikia.

Tukasubiri. Wiki ikapita, ya pili, mwezi. Ikafika siku ya kumbukumbu ya tukio lenyewe, redio ikarudia kipindi kilekile kwa kuwa wasikilizaji walikiomba, na wakaongeza kwamba bibi huyo atapewa cheti cha ujasiri. Tulisikia dukani, tumesimama na kikapu. Muuzaji akatikisa kichwa, akasema, "Wanawake wa zamani walikuwa na roho." Shangazi akamwitikia, akaomba chumvi.

Nilimtafutia namba ya yule mwanamume. Haikuwa kazi, ana karakana ya kuchomelea vyuma na namba yake imeandikwa kwenye mageti ya nusu ya mji. Shangazi aliikataa siku tatu. Siku ya nne asubuhi akasema, "Lete hiyo simu."

Niliiweka sauti ya nje tusikie wote. Kelele za karakana, nyundo, kisha sauti ileile ya redioni.

"Haloo," shangazi akasema, na aliposema hivyo nilielewa kwa nini yule karani wa reli alikuwa hana haja ya saa yake. Akajitambulisha. Akaeleza kwa kifupi, bila kumtaja Mama Pacha kwa ubaya. Alisema tu kwamba siku ile walikuwa wawili karibu na ubao ule, na waya aliuchomeka yeye.

Mwanamume alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mstaarabu, siwezi kumsingizia.

"Mama yangu, shikamoo," alisema. "Nakushukuru kwa kupiga. Lakini nikuambie ukweli, wewe ni mtu wa nne. Tangu kile kipindi kuna watu wananipigia, kila mmoja anasema ndiye yeye. Sikulaumu, mama. Maisha ni magumu, labda mnadhani kuna chochote kitatolewa. Hakuna. Na yule bibi nimeshamkubali kama mama yangu, juzi alikuja kula kwetu. Tusimvunjie heshima."

Nilinyoosha mkono niichukue ile simu nimpe maneno yake. Shangazi akanizuia kwa kiwiko.

"Marahaba, baba," alisema. "Nilitaka kukuuliza jambo moja tu. Mama yako yupo?"

"Alitangulia miaka sita iliyopita."

"Alipata watoto wengine baada yako?"

"Wanne. Mimi ndiye mkubwa. Kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua," shangazi akasema. "Kazi njema, baba." Akanirudishia simu, maana yeye hajui pa kubonyeza kuikata.

Nilimwambia twende redioni. Majina ya wafanyakazi wa posta waliofungwa lazima yako mahali, barua ya kuachishwa kazi ipo, tutafute wakili, tutafute gazeti. Barua haikuwepo. Alikuwa ameichoma mwaka alioolewa, ili asiingie nayo kwenye nyumba mpya. Na wale opereta saba wengine, aliwahesabu kwa vidole mbele yangu: watano wamekufa, mmoja yuko nje na hajulikani aliko, mmoja amepoteza kumbukumbu, hamtambui hata mwanawe. Mtu mmoja tu duniani anaweza kushuhudia kwamba shangazi yangu alichomeka waya ule.

Alikonda kipindi kile. Aliacha kwenda kanisani ibada ya kwanza, kwa sababu ndiyo anayosali Mama Pacha. Nilimkuta mara mbili ameketi kitandani mchana, anaangalia mikono yake. Siku moja alisema bila mimi kuuliza, "Unajua kinachoniumiza? Nikikumbuka kitu chochote kizuri, naye yumo. Harusi yangu, yumo. Mume wangu anazikwa, ameushika mkono wangu. Sasa sijui nizifanye nini hizo siku."

Wiki ya kutolewa cheti, Pacha wa kike alikuja. Ni mwanamke mzima sasa, mwalimu mkuu wa shule, na alikuja na mfuko wa machungwa na uso wa mtoto aliyeachwa kituoni. Akapiga goti, akamsalimia shangazi.

"Mama Mdogo, nimekukosea nini? Miezi sasa hukanyagi kwetu. Mama nikimuuliza analia. Cheti anapewa Ijumaa, wote tutakuwepo, na wewe ndiye uliyekaa naye ubao kwa ubao. Bila wewe itakuwaje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Shangazi alinitazama mara moja, nikayameza.

"Magoti yananiuma, mwanangu," alimwambia. "Zile ngazi za ukumbi siziwezi tena."

Akamuuliza habari za shule, habari za watoto, akammenyea chungwa moja kati ya aliyoyaleta mwenyewe. Wakakaa mpaka jua likapungua. Wakati wa kuondoka, Pacha alimshika mabega, akamwambia ajitunze. Aliahidi kumletea dawa ya kuchua.

Alipokwisha kukunja kona nilimgeukia shangazi. "Kwa nini? Kwa nini unamfichia?"

"Simfichii mama yake," alisema. Alikuwa anakusanya maganda ya machungwa kwenye kiganja. "Huyu nilimbeba mgongoni. Yeye hajanifanya kitu."

Ijumaa ilipofika, tulifua mapazia.